Kauboi Ametutangulia

Si watu wengi waliowahi kumuua mtu kwa neno moja na kumrudisha duniani kabla ya chakula cha jioni. Mimi ni mmoja wao, na nilifanya hivyo hewani, kwa Kiswahili safi, huku nikijiona hodari. Kwa hiyo ilipofika barua ya Mzee Kibet mwezi uliopita, imeandikwa kwa herufi zake zilezile kubwa zinazoegemea kushoto, ikisema anarudi Kenya moja kwa moja na kwamba watu wataagana naye Jumamosi katika ukumbi wa Shard End, niliisoma nikitabasamu hadi nilipofika mstari wa mwisho: "Salha, usikose. Kuna tangazo nataka ulisome wewe." Nikaiweka mezani, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi kuisoma tena. Nina miaka hamsini na moja. Nimekuwa mkalimani wa hospitali kwa zaidi ya nusu ya umri huo, nimewafikishia watu habari ambazo nisingependa kumfikishia hata mtu niliyegombana naye. Lakini tangazo la Kibet! Mara ya mwisho niliposoma tangazo lake, watu walivua viatu mlangoni wakaingia kulia.

Habari za nilikotoka Unguja na za nani alinileta Uingereza nitaziacha, hazina raha na hapa hazihusiki. Naanzia jikoni kwa Mama Harjit, mtaa wa Selly Oak, Birmingham, katika moja ya zile nyumba nyembamba zilizobanana ambazo wanafunzi hupanga chumba kimoja kimoja. Mama Harjit alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mjane, mwenye nyumba na mwenye amri zote ndani yake. Nilikuwa na miaka ishirini, ninasoma, ninaishi chumba cha juu kabisa ambako ukisimama wima unagonga paa, na sikuwa na desturi ya kusema. Sikuwa bubu. Niliona tu kwamba Kiingereza changu kinachekesha, na Kiswahili sikuwa na wa kuzungumza naye, kwa hiyo nilinyamaza katika lugha zote mbili. Mama Harjit hakutambua ukimya kama jambo la maana. Ukipita jikoni mwake bila kula alikushika kiwiko. "Wewe kula kwanza," alikuwa akisema, akikuwekea chapati juu ya chapati, "mambo ya kuwaza ngoja." Jiko lile lilinuka binzari na sabuni ya kufulia, dirisha lilikuwa na ukungu miezi minane ya mwaka, na kwenye kiti kilichokuwa karibu na hita ilikaa kofia. Hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti hicho, maana kofia ilikuwa ya Kibet.

Kibet alipanga chumba cha mbele cha chini. Alfajiri alikwenda kiwanda cha mikate, mchana akarudi na unga masikioni, akalala saa mbili, akaamka akavaa buti zilizochongoka, mkanda wenye bizimu ya shaba, shati lenye maua begani, na hapo akawa Kauboi Kibet, mwimbaji wa redio na filamu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwembamba, mwenye mapengo mawili ya mbele aliyosema yalimsaidia kupuliza harmonika. Alikulia kwenye vilima vya Bonde la Ufa akichunga ng'ombe wa mjomba wake, na mjomba alikuwa na redio ya betri. Siku moja redio ile ilitoa watu wakiimba kwa Kiingereza kuhusu ng'ombe, vumbi na mvua iliyochelewa, na katikati ya wimbo sauti ikaruka juu na kuanguka, ikaruka tena, vilevile alivyokuwa yeye akiwaita ng'ombe wake jioni. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi aliamini waimbaji wale ni jamaa zake waliohamia mbali. Basi akatunga za kwake kwa Kiswahili. Aliimba kwenye maonyesho ya kilimo, juu ya malori, kwenye harusi, akapata sahani moja ya santuri iliyochezwa katika vipindi vya salamu, na akaletwa Uingereza na mtu aliyemwahidi ziara ya miji kumi. Ziara iliishia mji wa pili. Mji wa pili ulikuwa Birmingham, akabaki.

Mimi nilimjua kama mpangaji mwenzangu mwenye kikohozi cha unga, mpaka jioni moja aliponikuta nikimsomea Mama Harjit barua iliyotoka kwa rafiki yake wa Kisumu. Alisimama mlangoni na taulo begani hadi nikamaliza. "Salha," akasema, "kumbe uko na sauti? Mimi Kiswahili changu kimechungwa pamoja na ng'ombe. Chako kimeoga." Jumapili iliyofuata alinipeleka mtaa wa Ladywood, kwenye chumba kimoja juu ya duka la kufulia nguo, ambamo redio ya mtaa ilitupatia saa moja kila Jumapili, kuanzia saa nane mchana. Kuta zilibandikwa trei za mayai. Chini yetu mashine za nguo zilizunguka zikitikisa sakafu, na wasikilizaji wakati wote waliamini mngurumo ule ni ufundi wetu wa kuigiza farasi wanaokimbia. Hatukuwahi kuwarekebisha. Kazi yangu ilikuwa kupanga kaseti na kusoma salamu: fulani wa Handsworth anamsalimu shemeji yake, familia fulani inamtafuta mtu anayejua kupika mkate wa ufuta. Kibet alikaa pembeni yangu kila nilipofungua kinywa, na nikikwama alipiga uzi mmoja wa gitaa, taratibu, kunipa muda. Hakuna aliyewahi kunisubiri namna ile kabla yake.

Filamu zilikuwa za Papa Deo. Papa Deo alikuwa kinyozi kutoka Bukavu aliyekuwa na kamera ya video ya kurekodia harusi, na kwa kuwa harusi hazikuwa nyingi, alimrekodi Kibet. Mwaka ule walikuwa kwenye filamu ya tatu. Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa kubwa: Kibet aliogopa farasi. Ng'ombe dume angemshika pembe huku akipiga mluzi, lakini farasi alimtoa jasho. "Ng'ombe ukimwangalia machoni unajua anafikiria nini," alijitetea. "Huyu wenu anaangalia kando kama mtu wa uhamiaji." Kule ng'ambo ya Shard End, mji unapoishia, kulikuwa na mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Bi Maureen, mwenye zizi na farasi mzee mnene wa rangi ya kahawia, jina lake Biskuti. Bi Maureen alikubali Biskuti arekodiwe bure. Basi katika filamu unamwona Kibet akimshika farasi hatamu, kwa mbali kidogo, kisha unamwona yuko juu anakimbia, upepo kifuani. Ukweli ni kwamba alikuwa amekalia ukuta wa bustani ya Mama Harjit, zulia limekunjwa chini yake, mimi nimechuchumaa nyuma namtikisa kwa mkanda, na Mama Harjit anampepea kwa sinia. "Juu, chini, juu, chini!" Papa Deo alipiga kelele. "Salha, farasi haiendeki vile! Hii iko baiskeli!" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Nadhani ndiyo siku niliyotambua kwamba nimeanza kuishi katika mji huu.

Mwishoni mwa kiangazi sauti ya Kibet ilianza kukwaruza. Alisema ni unga wa mikate. Alikunywa tangawizi, alijifunga skafu, akaacha kuruka na sauti pale ambapo wimbo ulitaka kuruka, akapitia chini yake. Wasikilizaji hawakusema kitu. Mimi nilisikia, lakini sikuuliza, kwa sababu sikujua namna ya kuuliza. Kisha Ijumaa moja nilikuwa nimekaa ngazi ya nne kutoka juu, mahali ambapo kila kilichosemwa jikoni kilipanda bila kupungua, nikijifanya nafunga kamba za viatu.

"Wamesema nini?" Mama Harjit aliuliza.

"Wameona kitu kwa koo. Kidogo, kama punje ya mahindi. Ile siku walinilaza, walikata kipande wakapeleka kupima. Nirudi Jumatatu wanipatie majibu."

"Na hii Jumapili unaimba Shard End?"

"Naimba. Kama ni ya mwisho, basi iwe mwisho mzuri."

"Wacha maneno hiyo. Kula."

"Usiambie mtu, Mama. Na huyo msichana usimwambie kabisa. Yeye anafikiria mimi ni chuma."

Nilifunga kamba za kiatu kimoja mara tatu. Nilimpenda mzee yule, na nasema wazi kwamba nilimpenda kuliko watu kadhaa niliopaswa kuwapenda zaidi. Usiku ule na siku iliyofuata sikuwaza jingine ila koo lake. Mtu mwingine akipoteza sauti hubaki na kazi yake, ama na mambo mengine ya kumfanya awe yeye. Kibet alikuwa na kofia, buti na koo, na vile viwili vya kwanza bila cha tatu vilikuwa nguo tu za mpakia mikate.

Jumapili ilikuwa hivi. Kipindi saa nane hadi saa tisa kama kawaida, kisha onyesho la Kibet ukumbini Shard End saa kumi na moja jioni, watu wote wa Kiswahili wamealikwa, na Mama Harjit angepeleka pilau kwa gari lake. Basi langu lilichelewa. Nilipopanda ngazi za duka la kufulia zilikuwa zimebaki dakika nne, na Kibet hayupo. Mezani kulikuwa na bahasha iliyochanwa, na nyuma yake mwandiko wake unaoegemea kushoto: *Salha, nimetangulia. Waambie wanifuate. Cheza ile ya mwisho.* Hakuna zaidi. Sikuwahi kukaa mbele ya kipaza sauti peke yangu. Taa nyekundu ikawaka. Nikavuta pumzi, nikatazama maneno yake, nikaona nisiyasome makavu vile, niyape adabu kidogo. Alikuwa ameandika "nimetangulia". Alitaka kusema kwamba katangulia ukumbini, na mtu mwenye akili angesoma "ametangulia ukumbini" akaishia hapo. Mimi nikaongeza silabi moja ya heshima, na ukumbi nikausahau kabisa. "Wapenzi wasikilizaji, hamjambo," nikasema. "Leo mtanisikia mimi peke yangu. Kauboi wetu, Mzee Kibet, ametutangulia. Ameacha ujumbe kwamba sote tumfuate. Na ameomba tusikilize hii, ya mwisho."

Ya mwisho kwenye kaseti ilikuwa wimbo wake wa polepole kuliko zote, wa mchungaji anayemwita ng'ombe mmoja aliyepotea mpaka giza linaingia, na ng'ombe haitikii. Ilipoisha nikaweka nyingine ya huzuni, kwa kuwa roho yangu mwenyewe ilikuwa hapo. Simu ya studio haikuwa na kengele, ilikuwa na kitaa cha kijani tu, na nilishaonywa nisiiguse wakati taa nyekundu inawaka. Kitaa kile kilimetameta saa nzima bila kupumzika. Moyo ukanijaa. Nikasema kimoyomoyo, Salha, leo watu wamekupenda.

Leo ninapokaa kati ya daktari na mgonjwa, neno halipiti kinywani mwangu kabla sijaligeuza upande wa pili kuona lina nini chini. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nimesomea wapi uangalifu huo. Huwaambia nilisomea juu ya duka la kufulia nguo, nao hudhani ni mzaha.

Nilirudi Selly Oak kumsaidia Mama Harjit kubeba masufuria. Kona ya mtaa wetu nikaona magari yamepandana hadi juu ya njia ya miguu. Mlangoni kulikuwa na viatu: makubadhi, raba, viatu vya kanisani, buti za kiwandani, vimepangwa hadi nje kwenye ngazi. Wanawake wa kwetu walikuwa wamejitanda kanga, mmoja anapitisha uradi, na wanawake wa Kikongo wamekaa chini sebuleni wakilia kwa sauti ya kuitikiana. Wakenya walikuwa wamejazana jikoni. Walishaunda kamati. Kulikuwa na mwenyekiti, kulikuwa na katibu mwenye daftari, na walikuwa wakibishana kama wampeleke nyumbani ama azikwe hapahapa, na kama mbele ya jeneza waimbe nyimbo za kanisa au za kwake. Chakula kilikuwa kimeshafika, birika tatu za chai, mahamri, wali wa nazi, sufuria la maharage. Na kwenye kiti karibu na hita, ambacho mwaka mzima sikuona mtu akikikalia, alikaa Mama Harjit mwenyewe, analia kwenye ncha ya dupata, mtandio wake wa kila siku.

Nikamshika begani. "Mama Harjit, nani kafa?"

"Kibet," akasema. "Kibet wetu amekufa."

"Nani kasema?"

Aliinua uso akaniangalia bila kuelewa. "Wewe."

Papa Deo alitoka nyuma ya kamati, macho mekundu, kitambaa cha kinyozi bado kiko begani. "Mama Salha, sisi wote tulisikia. Kwa redio. Ulisema, Kibet ametutangulia. Mutu akishatutangulia anaenda wapi? Si anaenda kwa Mungu? Na wimbo ile ukaweka! Mimi nikaacha kichwa ya mutu nusu, nusu imenyolewa, nusu bado."

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikafungua mkoba nikatoa bahasha kuonyesha kosa ni langu, ni silabi tu, mtu yuko ukumbini anakaza nyuzi za gitaa. Papa Deo aliipokea akaisoma kwa sauti. "Nimetangulia. Waambie wanifuate. Cheza ile ya mwisho." Akaisoma tena polepole. Hakuna aliyecheka. Maneno yale juu ya bahasha, katika jiko lililojaa waombolezaji, hayakuwa tena maneno niliyoyaona Ladywood. Mama Harjit alisimama. Tulitazamana, na nikajua kwamba anajua nilikuwa kwenye ngazi ile Ijumaa. Katika watu wote waliokuwemo, sisi wawili tulijua kuhusu punje ya mahindi, na sisi wawili tulimsikia akisema kama ni ya mwisho. Alikwenda kwenye simu ya ukutani akampigia mtunza ukumbi. Akasikiliza, akaweka simu. "Hajafika," akasema. "Hakuna mtu wa kofia amefika huko." Nakumbuka nilishika ukingo wa sinki. Nilianza kuomba, na sikuomba kwa Kiarabu nilichofundishwa, niliomba kwa maneno yangu mwenyewe: asiwe ametutangulia, Mola wangu, asiwe ametutangulia, nisiwe nimesema kweli.

Mwenyekiti wa kamati aliamua kwamba waende wote wakamtafute kuelekea Shard End, na Wakenya wakishaamua huwa na mpangilio. Magari yalitoka moja nyuma ya jingine, la Mama Harjit mbele, taa zimewashwa mchana kweupe kwa kuwa katibu alisema ndiyo heshima. Mimi nilikaa mbele na sufuria la pilau mapajani, likiniunguza, sikulitoa. Nyuma Papa Deo alisema Baba Yetu kwa Kifaransa. Tulivuka mji mzima hivyo. Mama Harjit aliendesha akiwa ameinama juu ya usukani, na kwenye kila taa nyekundu alisema neno moja tu, "Mjinga. Mjinga. Mjinga." Sikujua anamtukana Kibet, mimi, au taa.

Tulikuwa tumeshaingia Shard End, kwenye ile barabara yenye majani pande zote kabla hujafika madukani, nilipoona kofia. Ilikuwa juu sana, juu kuliko inavyopaswa kuwa kofia ya mtu anayetembea. Chini ya kofia alikuwa Kibet, amenyooka kama amemeza ufagio, mikono miwili imeshika manyoya ya shingo, na chini ya Kibet alikuwa Biskuti, anakwenda mwendo wake wa kizee, na mbele ya Biskuti Bi Maureen ameshika kamba huku akivuta sigara. Amini usiamini, alipoona msafara wetu wenye taa, yule bwana, ambaye kwa woga alikuwa hawezi hata kugeuza shingo, aliachia mkono mmoja, akavua kofia, akaiweka kifuani kwa heshima ya marehemu. Mama Harjit alisimamisha gari katikati ya barabara. Magari yote yakasimama nyuma yetu, milango ikafunguka, watu zaidi ya thelathini wakashuka, kanga na suti, wakabaki wamesimama.

Kibet alitutazama sura zetu moja moja. "Poleni," akasema kwa ile sauti iliyokwaruza. "Poleni sana, watu wangu. Nani ametuacha?"

"Wewe!" Mama Harjit alimpigia kelele. "Wewe! Wewe! Wewe!" Na kila wewe alimpiga kofi kwenye buti, mpaka Biskuti akageuza kichwa kuona kuna nini.

Sijawahi tena kusikia kicheko cha namna ile. Kilianza kwa mwanamke mmoja wa Kikongo aliyekuwa amelia kuliko wote, kikapita watu hadi gari la mwisho, na wengine walikuwa wanacheka na machozi hayajakauka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nikamshika mguu, nikaweka paji la uso kwenye goti lake, nikasema, "Nisamehe, Mzee. Nilikuongezea silabi." Hakuelewa neno, lakini alishusha kofia akanivika. Baadaye alieleza. Alikuwa amekaa kitandani Jumamosi akijiuliza, kama Jumatatu wakimwambia koo limekwisha, ni kitu gani angejutia, akaona ni kimoja: kwamba amekuwa kauboi miaka thelathini bila kupanda farasi. Kwa hiyo Jumapili aliandika ile bahasha, akaiacha studio, akachukua basi la mapema kwenda kwa Bi Maureen. Ilimchukua zaidi ya saa moja kupanda. "Nimetangulia maana yake nimetangulia," alisema, akiwa amekasirika kidogo. "Sasa nyinyi mnataka mtu aandike nini?"

Ukumbini tulikula chakula cha msiba kikawa cha sherehe, na hakuna aliyeona aibu. Kibet alipanda jukwaani akajaribu wimbo wa ng'ombe aliyepotea. Ubeti wa pili sauti ikamkatika. Akasimama, mdomo wazi, na nikamwona akitafuta mlango wa kutokea. Kabla hajapata, ukumbi mzima ukaushika wimbo pale alipouachia. Waliujua wote, Wakenya, Wakongo, watu wa kwetu ambao siku za kawaida husema nyimbo za kauboi ni kelele, kila mmoja kwa matamshi yake, na pale sauti inapopaswa kuruka waliruka vibaya, kila mtu kivyake. Kibet alikaa kwenye kiti akasikiliza. Sidhani kama hadi siku ile alikuwa anajua kwamba kulikuwa na mtu anamsikiliza.

Jumatatu nilikwenda naye hospitali, na Mama Harjit, aliyebeba chapati kwenye kitambaa kana kwamba tunakwenda safari. Kibet aliniomba niingie nimsaidie maneno ya daktari. Daktari alisema, nami nikasema baada yake kwa Kiswahili, nikipima kila neno: kile kipande kimepimwa, si ugonjwa ule mbaya, ni uvimbe wa mtu aliyetumia sauti kupita kiasi, utapona akinyamaza. Anyamaze miezi mitatu. Kibet aliniuliza, "Una hakika? Hakuna silabi umeongeza?" Nikamwambia hakuna. Mama Harjit alishusha pumzi ndefu mpaka daktari akacheka, kisha akampa chapati. Kwa miezi hiyo mitatu kipindi kilikuwa changu peke yangu. Kibet alikaa kando yangu kila Jumapili bila kusema, na nikikwama alipiga uzi mmoja. Kufikia mwezi wa tatu sikuwa nakwama, lakini aliendelea kupiga, na sikumkataza.

Jumamosi iliyopita basi nilikwenda Shard End. Mama Harjit hayupo tena, na Biskuti hayupo miaka mingi. Papa Deo yupo, mzito, na kamera mpya ya mjukuu wake. Kibet ana zaidi ya miaka themanini, amezama ndani ya shati lake la maua, buti zilezile, koo zima. Tulikula, akaimba nyimbo mbili na akaruka na sauti mahali pake. Kisha akaniita mbele, akanipa bahasha iliyochanwa, mwandiko kwa nyuma. Wale wa zamani waliojua walianza kunong'ona. Niliisoma kwanza kimya, kazi imenizoeza hivyo. Niliigeuza upande wa pili kuona kama kuna kitu chini yake. Kisha nikakaribia kipaza sauti, nikaisoma kama ilivyo, bila kuongeza hata herufi moja: "Safari hii tangulieni nyinyi. Mimi nitafuata."

Ukumbi ulipasuka. Papa Deo alipiga meza akisema, "Ee! Anatutuma sisi mbele! Ile muzee ni mubaya!" Kibet akainua kofia, amefurahia utundu wake. Machozi yalinitoka, sikuyazuia, ya kucheka kwanza na baadaye ya yale mengine. Mjukuu wa Papa Deo, msichana wa miaka tisa hivi, mzaliwa wa hapahapa anayesikia Kiswahili nusu nusu, alinivuta mkono wa nguo, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini watu wazima wanacheka na kulia pamoja, na maneno yale yana maana gani. Nilifikiri kidogo, maana sitoi tafsiri bila kufikiri. Nikamwambia maana yake ni kwamba babu bado yupo.